Ganda la Mia Tatu na Tatu

Jumapili, 4 Novemba 2012
Habari kubwa. Kampuni yetu ya ulinzi huku ughaibuni imepata kazi kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Anatakiwa soja mmoja wa kukaa mlangoni na kufagia maganda ya risasi jioni. Maganda! Tony, mwenzangu wa kitanda cha juu, anaitaka kwa sababu kuna kiyoyozi. Mimi sina haja na baridi. Baba alikuwa na ganda moja la bunduki yake ya uaskari wa akiba, aina ya mia tatu na tatu. Alilipuliza kama filimbi kutuita kula. Alizikwa Machi, ruhusa yangu ya kwenda nyumbani ilitoka Mei. Dada Hannah anasema ganda lilizikwa naye, mfukoni mwa koti. Basi nitatafuta lingine. Mpango: nijifanye mjuzi wa risasi.

Jumatatu, 5 Novemba
Nimeanza. Kwenye basi la kampuni nimewaeleza watu kwamba risasi hupimwa unene, na namba ikiwa kubwa, risasi ni nene. Ishirini na mbili, nikasema, ikipita ukutani unaweza kupitisha mkono. Tisa? Ya kuwindia kware. Tony akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia haya ni mambo ya ukoo. Supavaiza Mwaura, kiti cha mbele, aligeuka akanitazama sana. Nafasi ni yangu!

Jumatano, 7 Novemba
Si yangu. Mwaura ametuita ofisini, mimi na Tony. Akauliza ipi nene, ishirini na mbili au tisa. Nikajibu hata mtoto wa chekechea anajua. Akacheka hadi akavua miwani. Kumbe ishirini na mbili ni sehemu za mia za inchi, tisa ni milimita, na hiyo tisa ndiyo nene. Si wangesema! Akauliza kwa nini nyuma ya shabaha kumerundikwa mchanga. Nikasema kwa sababu huku mchanga ni wa bure. Tony akasema mchanga huila nguvu ya risasi, chembe kwa chembe, ila ukuta mgumu unaweza kuirudisha kwa mwenyewe. Alijuaje? Kumbe jana alimpigia simu binamu yake Omondi, aliye jeshini. Hila! Kazi amepewa yeye. Mwaura akaniambia, haya Profesa, rudi geti lako.

Ijumaa, 9 Novemba
Kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Hata Roselyne wa kwaya ananiita Profesa. Nimeimba kwa sauti ndogo. Wakati wa baraka nikamkumbuka baba akifuta mdomo wa ganda kwa shati kabla ya kulipuliza, kama anayemfuta mtoto makamasi. Tukirudi nilimweleza Tony kwa nini niliitaka ile kazi. Hakucheka. Ilinikera. Mshindani anapaswa kucheka.

Jumatatu, 12 Novemba
Tony ameniletea ganda. Ameomba ruhusa kwa bosi wa uwanja, akaliosha kwa sabuni. Ni la ishirini na mbili. Dogo kama jino la mtoto. Nikalifuta kwa shati, nikapuliza. Likalia kama mbu. Si baba. Tony akasema pole, kaka, akatoka nje na kufunga mlango polepole.

Jumanne, 13 Novemba
Nimefikiri kutwa getini, na sasa nimeelewa. Si Mwaura alishanifundisha? Namba kubwa, risasi nyembamba. Kosa la Tony ni kuniletea nene mno! Mia tatu na tatu lazima iwe kama sindano. Nakumbuka utotoni kidole changu cha mwisho kilikwama mdomoni mwa ganda lile, baba akakitoa kwa mafuta ya kupikia, akinipulizia ili kisiniume. Basi nilikuwa na kidole chembamba sana. Nimemwomba Tony aniletee dogo zaidi.