Kopo la Plagi Nyuma ya Mlango

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Binti yangu kaja na futi ya fundi cherehani. Kapima sebule, kapima mlango, kisha akaipima pikipiki ya marehemu baba yake kama anayepima mgonjwa sanda. Anataka kuniletea kochi. Kasema pikipiki imesimama hapo tangu mwaka jana, haiwaki, ni chuma tu. Nikamjibu tatizo ni plagi, kitu kidogo cha kutoa cheche. Akacheka. Tukapatana: ikiwaka kufikia Jumapili, inabaki. Isipowaka, anakuja na watu wa kuibeba.

Alipoondoka nilishusha toka rafu ya nyuma ya mlango kopo la maziwa ya unga ambalo marehemu alikuwa akiwekea plagi zake. Zimo saba, kila moja ndani ya boksi lake. Mume wangu alijua kuweka akiba. Kochi nitalisikia kwa jirani.

Jumanne, tarehe 5

Nimezungusha spana ya plagi asubuhi nzima. Haitoki. Ningekwenda kwa fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, lakini marehemu hakumpelekea pikipiki hata siku moja, na mimi si wa kuanza. Kila Jumamosi aliifungua mwenyewe uani, mimi kwenye kigoda, namshikia spana na tambara.

Mwishowe nikaenda, ila kwa akili. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya mtu. Fundi akasema nimwambie huyo mtu azungushe kushoto, kulia anazidi kukaza. Halafu nimwambie anawe, ana masizi kwenye paji la uso.

Jumatano, tarehe 6

Imetoka. Nimenunua chupa ya petroli, nimeimwaga kwenye tangi huku nikisali, maana mimi na petroli hatujawahi kuaminiana. Nikafungua boksi la kwanza. Plagi inang'aa kama kijiko cha wageni. Nikaifunga, nikapiga kiki. Kimya. Nikafunga ya pili. Kimya. Mguu umevimba kama andazi.

Marehemu alipiga kiki tatu tu. Ya tatu inanguruma, vumbi la dari linashuka kwenye chai yangu, nami nalalamika mpaka anafika njia panda. Leo nimekunywa chai safi. Haina ladha.

Alhamisi, tarehe 7

Nikakumbuka plagi ikilowa petroli marehemu aliipasha moto jikoni. Nikaichomoa ya pili, nikaipeleka uani kwenye jiko la mkaa, petroli nikaiacha mbali. Ikapata moto vizuri sana. Nikaiokota kwa mkono. Mwenye busara angetumia tambara, na lilikuwa begani kwangu.

Nimejaribu ya tatu, ya nne, ya tano. Nalilaumu kopo. Limeingia unyevu.

Ijumaa, tarehe 8

Ya sita na ya saba nazo zimegoma. Fundi akaja mwenyewe. Kasema tangu juzi anasikia kiki, hawezi kufanya kazi kwa huruma. Akachukua plagi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha ncha. Imelika yote. Akachukua nyingine. Vilevile. Akauliza nani kaziweka hizi plagi kuukuu kwenye maboksi mapya.

Nikaanza kuyapanga maboksi.

Ni mimi. Kila Jumamosi ya kubadilisha, marehemu alinipa ile ya zamani. Niliisugua kwa majivu mpaka ing'ae, nikaitia kwenye boksi la ile mpya, nikairudisha koponi. Boksi zuri halitupwi. Naye alisema acha, mama watoto, siku moja itafaa. Wiki nzima nimekuwa nikiwabadilishia wafu zamu.

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda changu. Kisha akaacha. Akasema miaka yote ile kila Jumamosi alisimama mlangoni kwake, akisubiri mume wangu ashindwe walau mara moja apate kumwita. Hakushindwa. Siku hizi, kasema, Jumamosi zina ukimya wa ajabu.

Akaenda kuleta plagi mpya. Alitaka kuifunga yeye, nikamkatalia. Vidole kwanza, spana baadaye, ndivyo marehemu alivyosema. Fundi akashika tambara. Mguu uliovimba ukakataa kiki, tukaiachia Jumapili.

Jumapili, tarehe 10

Binti kaja na wanaume wawili na kamba. Nikawaomba waisukume hadi uani kwanza. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mmoja akaanza kufungua kamba. Nikasema moyoni, baba watoto, usiniaibishe mbele ya watu. Ya tatu ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Binti yangu akafunika uso. Nikadhani ni moshi, nikaanza kumpepea. Akasema utotoni alikuwa akiusikia mlio huu toka njia panda, anakimbia kuficha viatu vyake vya matope. Akaniomba nisiizime. Tukaisikiliza mpaka petroli ikaisha. Wale wanaume wamekunywa chai, wameondoka na kamba yao. Pikipiki imerudi nyuma ya mlango, na kochi litakaa kwa binti.

Mezani ilibaki ile plagi niliyoitoa Jumatano, na boksi jipya la fundi, tupu. Nikachota majivu. Nikaisugua ikang'aa, nikaitia kwenye boksi, nikalirudisha koponi. Sasa ziko nane. Binti akauliza za nini tena, mama.

Nikamwambia siku moja zitafaa.