Meno ya Chuma ya Mjukuu Wangu Sitsofe

Bibi Ablavi Gadzekpo,
Nyuma ya soko la mihogo,
Dzogbekope.

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KWA SISTA ENYONAM

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba nyote mnatafuna bila shida. Mimi ni mpika kashata za nazi. Nimekaa mlangoni pa shule ya msingi miaka thelathini na moja, na kama ulisoma hapa, basi umekula mkononi mwangu. Sijawahi kumshtaki mtumishi wa serikali. Lakini kwa haya aliyonitendea Sista Enyonam Klutse, anayetibu meno katika zahanati yetu, nimeona nikinyamaza nitapasuka.

1. Nilidanganywa. Mjukuu wangu Sitsofe ana miaka mitano. Tangu Krismasi alikuwa anatafunia upande wa kushoto. Halafu akaacha kutafuna kabisa, akawa anaumung'unya ugali kama kikongwe. Halafu shavu likavimba utadhani kaficha yai. Nilifanya yangu yote: karafuu, maji ya chumvi, na kumbeba mgongoni huku nikipika. Mama yake, Kafui, ambaye nimemzaa mwenyewe, akasema tumpeleke zahanati. Nikamwambia, "Kafui, hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe. Unatibu vipi kitu kinachoondoka?" Jumanne akaniaga kwamba anakwenda kumnunulia mtoto ndala. Saa nne jirani akapita akaniuliza mgonjwa wetu anaendeleaje, maana amewaona kwenye benchi la meno. Hadi leo ndala sijaziona.

2. Nilikwenda kumwokoa mtoto, wala hakuhitaji kuokolewa. Niliacha sufuria motoni. Nilichukua wanawake wanne wa kwaya yetu, wenye sauti, wa kumbembeleza atakapokuwa analia. Tulifika tumejiandaa kweli. Mheshimiwa, hakuna aliyekuwa analia. Lile jino lililovimbisha shavu lilikuwa limekwisha kufa ganzi na kung'olewa. Sitsofe amelala kwenye kiti, kavalishwa miwani ya jua, miguu inacheza. Sista anamwambia, "Hii ni kofia ya jino lako. Iume kama unauma nyama ya mbuzi mzee." Akauma. "Tena." Akauma tena. Basi, kwisha. Wala mashine haikunguruma. Magego mawili yakavaa kofia za chuma, na meno ya mbele yakapakwa dawa ya kuuzuia uozo usiendelee. Pale palipooza pakawa peusi kama lami. Wanawake wa kwaya wakabaki wamesimama na machozi ambayo hayakuwa na pa kwenda. Mmoja wao, kwa kuwa alishafika, akaomba naye atazamwe jino.

3. Niliachwa bila jibu mbele ya watu. Nilimweleza Sista kwa adabu kwamba anachosha mikono bure, meno haya ni wapita njia. Akaniuliza, "Bibi Ablavi, kanisani ukitoka nje kidogo, unaacha nini kwenye kiti chako?"

"Leso."

"Ya nini?"

"Asije mtu akakaa."

"Basi jino la utotoni ndiyo leso hiyo. Likiondoka kabla ya wakati wake, majirani wanasogea. Mwenye kiti, jino la ukubwani, akija, anakaa upande. Na likioza likaachwa, usaha unamfuata huyo mwenye kiti hukohuko chini anakojitengeneza."

Ni wiki ya tatu sasa natafuta la kumjibu. Mtu wa umri wangu si haki kuachwa hivyo mbele ya kwaya.

Kisha akauliza mtoto anakula nini akienda kulala. Nikamwambia, "Upendo." Akanitazama. Sitsofe, nusu ya mdomo ikiwa bado na ganzi, akasema, "Kashata." Ni kweli nilikuwa nampa kipande kimoja anyonye mpaka usingizi umchukue. Mama yake nilimlea hivyohivyo. Sista akaandika kwenye kadi, wala hakunikemea. Angenikemea, Mheshimiwa, barua hii ingekuwa fupi.

4. Hapa ndipo serikali inapoingia. Jino lililong'olewa Sista alilitia katika bahasha ndogo akampa mtoto. Unajua mwenyewe kwamba jino la mtoto hurushwa juu ya paa la kwao ili jipya liote vizuri. Sitsofe hakusubiri kufika kwao. Alitoka mlangoni akalirusha juu ya paa la zahanati, na kwaya yangu ikampigia makofi. Sasa naomba Idara ifafanue: jino jipya likiota, litakuwa la nani? Kama ni la serikali, je, serikali italipigia mswaki? Akienda kusoma Accra, ataomba kibali cha kusafiri nalo? Akimng'ata mtu, kesi ni ya nani? Nilimwomba mlinzi ngazi nilifuate. Akasema, "Bibi, paa ni mali ya umma," akaenda kula.

5. Mtoto ameharibu msiba. Tulikwenda kumpa pole mjane wa marehemu Kwadzo, fundi baiskeli, mtu mwema. Mjane alikuwa hajasema neno tangu Ijumaa. Watoto wengine walikaa kimya kama ilivyo desturi. Sitsofe akamwendea, akafungua mdomo wote, akamwambia, "Bibi, nina meno ya chuma. Naweza kuuma baiskeli." Mjane akamtazama. Akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, kisha akaomba chakula. Wazee wa ukoo waliudhika sana, ingawa wawili kati yao ilibidi watoke nje kwa sababu ya mabega yao kutikisika.

6. Shule nzima imechafuka. Watoto wanajibandika karatasi ya chokoleti kwenye meno wapate kufanana na Sitsofe. Yayra, binti wa mwalimu wa hesabu, alikwenda mwenyewe zahanati akapanga foleni. Sista akamkagua, akamwambia meno yake ni mazima na kofia hapati. Alilia njia nzima. Kwa maana hiyo, Mheshimiwa, katika zahanati yako wagonjwa wanacheka na wazima wanalia. Sidhani kama ndivyo mlivyomfundisha.

7. Nyumbani kwangu sina tena mamlaka. Sitsofe amejiteua kuwa mkaguzi wa midomo. Ananisimamisha kwenye jua: "Bibi, fungua. Zaidi. Huku nyuma kuna shimo, unalijua?" Nalijua, ni la zamani kuliko mama yake. Asubuhi na jioni anapiga mswaki dakika mbili, na kwa kuwa hatuna saa, mimi ndiye saa: lazima niimbe beti mbili za wimbo wa mavuno kando ya pipa la maji. Nikiruka beti, tunaanza upya. Jana katekista alipita kusalimia, akaulizwa mswaki wake amebadilisha lini. Mtu mzima, mwenye vitabu vya Mungu kwapani, akasema hakumbuki. "Kaa hapo," akaambiwa. Akakaa. Na mimi nikimpa mtoto kashata anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaiweka juu ya kabati mpaka amalize kula chakula. Kashata yangu inakaa juu ya kabati kama barua ya kodi.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa heshima zote. Sista Enyonam ahamishwe, apelekwe mji ambao watu wake hawana meno, ili asiharibu kwingine. Ikishindikana, nikabidhiwe paa la zahanati kwa maandishi. Na hilo nalo likishindikana, zahanati yote ivunjwe ijengwe upya nyumbani kwangu. Nyuma ya jiko nafasi ipo, ni kuhamisha kuku tu. Hapo paa litakuwa la kwao mtoto, na lalamiko la nne nitalifuta bila kinyongo. Mhandisi akija, aulize kwa mpika kashata, atapata na maji ya kunywa.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mama yako mzazi kama yu hai, makarani wako wote, dereva, na yule binti wa mapokezi aliyenipa karatasi hii ya kuandikia. Kwaya inakusalimu pia, ingawa sasa hatuelewani, kwa kuwa watatu kati yao wamekwisha kupangiwa siku na Sista.

Wako mtiifu na mwenye uchungu,

Ablavi Gadzekpo (Bibi)

Tanbihi, nyuma ya bahasha, maana nimekwisha kuigundisha:

Mheshimiwa, usimhamishe. Nilikuwa nalowesha stempu, Sitsofe akaingia na hindi la kuchemsha alilopewa na jirani. Akakaa kizingitini akalila, upande wa kulia, upande wa kushoto, safu kwa safu. Sikuwa nimeona kwamba mwaka huu mahindi yamekuja na sasa yanaisha bila yeye kugusa hata moja. Mimi ninayemlisha sikuona. Nilisimama na stempu kwenye ulimi mpaka alipomaliza. Akanipa gunzi nimshikie, akaenda kucheza. Basi hayo mengine ya ndani yasome ukipata nafasi, lakini Sista mwache hapo alipo, na kama kuna uwezekano mwongezee benchi la pili, kwa sababu Alhamisi tunakuja wengi na mimi magoti yangu hayawezi kusimama.