Sentimita Nne za Shemeji

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku ya ishirini na tatu shemeji hajanisemesha. Ishirini na tatu!

Niandike mambo yalivyokuwa, maana humu ndani sisikilizwi. Mimi na kaka wa mke wangu tumecheza gofu ya visahani kwenye bustani ya jiji kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, hadi kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Vikapu kumi na nane. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Na kanuni ni moja tu ya kukumbuka: ukirusha, mguu usivuke pale kisahani kilipolala.

Shemeji alivuka. Kikapu cha mwisho, tuko sare. Nikachomoa futi yangu ya kupimia (mimi fundi vigae, futi haitoki kiunoni), nikapima mbele ya watu. Sentimita nne. Kinyozi wetu, aliyekuwa anacheza nasi, akaniunga mkono kwa sababu alitaka kwenda nyumbani. Mrusho ukafutwa, nikashinda. Shemeji akakusanya visahani vyake, akasema hongera. Tangu hapo, kimya.

Leo mke wangu kaleta habari: kaka yake amepata uhamisho. Anaondoka Jumapili, na watoto, na makabati. Jumamosi kuna shindano la wawili wawili. Basi ndiyo mara yetu ya mwisho. Mke wangu anasema niende nikaombe radhi, yaishe. Nikamuuliza radhi ya nini, kwani futi ilisema uongo? Akasema hakuna aliyegombana na futi. Akatoka kwenda kuanua nguo.

Nitampata kabla ya Jumamosi. Bila radhi. Mtu aliyeanza kwa kubeba saruji kichwani, leo ana mafundi sita, hashindwi na shemeji mmoja.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango wa kwanza. Shemeji akitoka kazini hufanya mazoezi kwenye kikapu cha saba. Nijibanze nyuma ya michongoma, nirushe kisahani kidondoke miguuni pake. Atakiokota. Atanirudishia. Itabidi aseme japo "chako hiki". Mazungumzo yameanza! Mita thelathini na mbili, upepo wa kushoto. Hesabu safi kabisa.

Kiliangukia kwenye maua.

Bustani ile nyasi zake zimekatwa kama kichwa cha bwana harusi, na mtunza bustani, mama mmoja asiyeachana na reki, anajua kila mche kama mwanawe. Akanikuta nimechuchumaa. Akaniuliza mzee mzima namkimbia nani. Nikasema napima upepo. Akanipa koleo. Nimepanda upya miche kumi na minne, nafasi sentimita ishirini, mstari umenyooka hadi mwenyewe akakiri.

Shemeji aliona yote. Aliokota kisahani changu, akakiweka juu ya benchi taratibu kama mtu anayeweka yai, akaenda zake.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimeandika barua ya upatanisho. Kurasa mbili na mchoro. Mke wangu kaisoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akauliza huu mshale mwekundu wa nini. Nikasema unaonyesha kidole gumba cha mguu wake kilipofika. Akasema baba watoto, hii si barua, hii ni hati ya mashtaka, inakosa muhuri tu.

Haijatumwa.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Wivu! Ndiyo dawa. Nimemchukua kinyozi awe mwenzangu wa Jumamosi. Shemeji atasikia, maana kinyozi akijua jambo, mteja analijua kabla ndevu za upande wa pili hazijaguswa.

Tulikwenda mazoezini. Karusha mara sita, nne zimeingia bwawani. Bata wakahamia upande wa pili. Nikamweleza pembe ya mkono, nyuzi kumi na tano, si zaidi. Akasema yeye huja pale kupumzisha akili. Akaongeza kwamba ndiyo maana naitwa Bwana Futi, na ndiyo maana shemeji wangu kanikimbia. Kajiuzulu kwenye kikapu cha tisa, kiatu kimoja kimelowa.

Nikamalizia peke yangu. Kikapu cha kumi na mbili, mrusho mmoja, ndani! Mmoja! Haijanitokea maishani. Nikageuka nimwambie mtu. Alikuwepo bata, naye alikuwa anaangalia kwingine.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mke wangu alikuwa anakunja mashuka. Akasema tu, bila kuinua uso: goti. Goti la kaka yake linamsumbua tangu mwaka jana. Likikaza, mguu unajitupa mbele wenyewe. Hakutaka nijue. Nikauliza mbona wewe hukuniambia. Akasema ungelipima.

Nimekaa kwenye ngazi za uani muda mrefu. Sijui muda gani. Sikuangalia saa.

Alasiri nikaenda kwake. Masanduku hadi mlangoni, watoto wamekalia godoro lililoviringishwa. Kafungua mwenyewe, akasema karibu shemeji, angalia usijikwae. Njia nzima nilikuwa nimekariri maneno mawili: nisamehe, shemeji. Mawili tu! Mtoto wa chekechea angeweza. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikasema:

"Nimekusamehe, shemeji."

Imetoka hivyo. Sijui imepitia wapi.

Akaniangalia. Akaangalia masanduku. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkewe aje asikie nimemsamehe. Akasema mimi nitazikwa na futi mkononi. Kisha akasema kesho saa mbili asubuhi, na nisimcheleweshe.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Sikumpima mtu. Goti likimkaza, mimi naangalia miti.

Kwenye kikapu cha kumi na nne kisahani cha shemeji kiligonga mti, kikagonga pipa la taka, kikaruka, kikaingia kikapuni! Tulishikana mabega tukicheka kama wehu. Mama wa bustani aliacha reki akapiga makofi. Miaka kumi na moja, na sikumbuki siku kama hii.

Matokeo: sisi hamsini na nne, wa pili hamsini na tano, wa tatu hamsini na sita. Tumeshinda! Kikombe chenyewe kidogo, kama cha kupimia dawa ya mtoto, lakini shemeji alikishika kwa mikono miwili. Akasema kitakaa juu ya televisheni, ili nyumba mpya ianze na kitu chetu.

Tukapangwa kupigwa picha. Mimi, kwa mazoea tu, nikaipitia kadi ya mirusho niliyokwisha kuikabidhi kwenye meza ya msimamizi. Mwandiko wangu mwenyewe. Kikapu cha kumi na nne nimeandika mbili. Tulirusha mara tatu. Nilikuwa nacheka.

Hakuna aliyejua. Shemeji akauona uso wangu, akaninong'oneza: "Shemeji, chochote ulichokiona hapo, kiache hapohapo. Leo tu."

Ningeweza. Namba moja, kwenye karatasi ndogo vile.

Nikanyoosha mkono. Kanuni iko wazi: kadi yenye kosa, mnaongezewa mirusho miwili. Hamsini na tano, jumlisha mbili, hamsini na saba. Tumekuwa wa tatu, na wa tatu hapewi kitu. Msimamizi alinishukuru kwa uaminifu wangu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasubiri kwenda kula. Shemeji alifuta alama za vidole kwenye kikombe kwa pindo la shati, akakirudisha mezani.

Nilikuwa sahihi. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Lori lilifika saa moja. Nilisaidia kupakia. Makabati matatu yaliyokataa kuingia yameingia, nilipoyageuza.

Shemeji akanikumbatia. Harufu ya vumbi na sabuni. Akasema kama nina neno niseme sasa, dereva anawasha gari. Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa kooni, zima, limenyooka. Nikamwambia uzito wote umelalia upande wa kulia.

Akasema haya, shemeji. Akapanda, mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine akauvuta kwa mkono.

Mke wangu alilia hadi nyumbani. Mimi nilishika usukani.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Ujumbe wa shemeji umeingia asubuhi! Wamefika salama. Goti lilikaza safari nzima. Dirisha la jikoni linatazama bustani, na ndani ya bustani kaona vikapu vya minyororo, kahesabu tisa, vingine vimefichwa na miti. Mwishoni kaandika: "Tuko mbali kweli, shemeji. Kilomita mia nne na kumi na mbili."

Nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu macho yaliwasha, vumbi la vigae. Mke wangu akasimama nyuma yangu, akasema mjibu sasa hivi, na safari hii mjibu kwa moyo. Nikakaa. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta, chai ikapoa. Hatimaye nimetuma.

Ni mia nne na tisa. Nimepima kwenye ramani mara mbili.

Hajajibu hadi sasa. Labda naye anapima.