Kufuli Lisilofungwa Tupu

Kosa ni langu. Nalitaja mapema, maana nikichelewa mfamasia atalitaja yeye, na yeye akisimulia huwa ananiongezea ujinga ambao siku ile sikuwa nao. Ni mimi niliyefungua mdomo kwenye kiti cha kinyozi.

Nilikuwa nimeegemea, povu shavuni, najisifu. Wenzangu hujisifia magari, wengine watoto. Mimi nilijisifia makufuli. Nikamweleza kinyozi kwamba chama chetu kina watu watatu tu: mimi mwenye duka la fotokopi, mfamasia wa mtaa wa pili, na shangazi yangu, mstaafu, aliyemaliza ujana wake akichonga meno bandia. Kwamba hatukusanyi makufuli ya kufungia banda la kuku. Tunakusanya yale ya diski, ya maghala na makontena, ambayo mwizi akiyaona anapita upande wa pili wa barabara. Kwamba Shangazi analo moja ambalo watu wa ng'ambo wangeuza gari ili walipate.

Kinyozi akasema, "Kumbe." Alikuwa anafikiria mpira.

Lakini kwenye benchi, nyuma ya gazeti, palikuwa na masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura. Yalikuwa ya Mlaini.

Mlaini ni mtu nadhifu. Shati limenyooka, kiatu kinang'aa, sauti ya mtu anayekupa pole kabla hujafiwa. Amewahi kuuza maji ya bomba kama dawa ya nywele, tena kwa mtu mwenye nywele zake zote. Amewahi kupangisha nyumba aliyokuwa anapita tu mbele yake. Kufuli hakuwahi kuligusa maishani. Katika kazi yake, watu humfungulia wenyewe.

Kesho yake akaingia dukani kwangu, beji shingoni, begi la ngozi mkononi.

"Kaka, habari za kazi. Natoka Jumuiya ya Makufuli ya Dunia, mimi ni jaji. Tunakusanya makufuli ya maonyesho. Nimeambiwa mtaa huu kuna bingwa, mzee mmoja mwenye hekima zake..."

"Mzee?" nikasema. "Labda wanamaanisha mimi."

"Wewe? Mbona kijana hivi!"

Nina kipara, tena cha siku nyingi. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Badala yake nikamvutia kiti.

Nikamtolea kufuli langu bora. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitikisa sikioni, akafumba macho. "Springi zake," akasema, "bado nzima."

Sasa nieleze kidogo. Kufuli la diski halina springi za kusukuma pini kama makufuli ya kawaida. Ndani kuna diski zimepangwa kama sarafu kwenye bomba, kila moja na mkato wake. Ufunguo unazizungusha mpaka mikato yote ikae mstari mmoja, kipande cha chuma kinaangukia humo, na kufuli linaachia. Utulivu mtupu. Kusifia springi za kufuli la diski ni sawa na kusifia meno ya kuku.

Nililisikia neno lile. Nililisikia vizuri kabisa. Lakini alikuwa ameshaniuliza jina langu liandikweje kwenye cheti, nami nikajiambia labda huko kwao ndivyo wanavyosema.

Hata jua halijafika kichwani, kufuli langu lilikuwa begini, na la mfamasia juu yake. Mfamasia alilifunga lake kwa pamba kama mtoto njiti, akalibandikia na maelekezo: lisikae juani. Mlaini akatoka pale anapiga mluzi. Lililobaki ni lile la Shangazi, nalo mnunuzi wake alishapatikana kwa simu.

Kufuli hilo ni la shaba, zito kama tofali. Lilitoka kwenye kiwanda kilichokufa zamani, na sisi hatujasikia lingine popote. Shangazi ameyafungua makufuli yake yote bila ufunguo, kwa vifaa alivyochonga kutoka kwenye vyuma vyake vya meno. Hilo moja limemgomea. Tangu astaafu, kila jioni anakaa nalo dirishani, anaishia diski ya nne. Halipishani sana na mume, husema, ila hili halikoromi. Likiondoka hilo, sijui jioni zake angezifanyia nini.

"Shikamoo Shangazi," Mlaini akasalimia mlangoni kwake.

"Marahaba. Mimi ni shangazi yako kwa upande gani?"

"Kwa upande wa heshima."

"Huo upande una ndugu wengi siku hizi. Kaa."

Mlaini akakaa. Ukuta mzima makufuli. Mezani, kando ya nondo za dirisha, kufuli la shaba lilikuwa wazi, ufunguo umo ndani. Mate yakamjaa. Akatoa hotuba yake ya jumuiya, ya maonyesho, ya jina la Shangazi kuandikwa kwa herufi za dhahabu. Kisha akalinyanyua, akalitikisa sikioni.

"Springi nzima."

Shangazi akashusha miwani. "Springi?"

"Nzima kabisa, Shangazi."

"Afadhali. Nilikuwa sina amani kwa ajili ya hizo springi."

Mlaini akavuta ufunguo autie mfukoni. Haukutoka. Akavuta tena, mshipa wa shingo ukamsimama.

"Hautoki mpaka ulifunge," Shangazi akasema kwa upole. "Likiwa wazi linaushika. Ndivyo lilivyoundwa."

"Najua, Shangazi. Nilikuwa napima uthabiti."

"Na uthabiti ukoje?"

"Upo."

"Haya, lifunge basi. Ila nisikufundishe kazi, mheshimiwa. Hili si la kufungwa tupu."

Mlaini hakuwa na habari na jambo hilo. Lakini jaji wa dunia hawezi kukosa habari. "Tupu?" akaguna. "Thubutu!"

"Likifungwa tupu, diski zinaingiwa na baridi."

"Baridi mbaya sana ile. Tumepoteza mengi."

"Ninyi huko huwa mnalifungia kwenye nini?"

Jasho likamtoka Mlaini kwenye mdomo wa juu. "Inategemea na nchi. Ninyi hapa?"

"Chuma kimoja, ngozi moja. Chuma kilishike, ngozi ilipumzishe."

"Hivyo hivyo! Kitabu kinasema hivyo hivyo, neno kwa neno."

Hakuna kitabu. Hakuna baridi. Ukilifunga tupu halina neno hata kidogo. Shangazi aliyatunga yote pale pale, akifuta miwani yake.

Mlaini akatazama huku na huku. Chuma: nondo za dirisha. Ngozi: mkanda wa suruali ulimpitia akilini, akauhurumia. Basi mshikio wa begi. Ulikuwa mnene, umeshonewa waya ndani. Begi alilinunua makusudi la namna hiyo kwa kuwa mjini kuna wezi. Akapitisha chuma cha kufuli kwenye nondo na kwenye mshikio, akabana.

Kacha!

Shangazi akauzungusha ufunguo, ukatoka kama kijiko kwenye uji. Akautumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna jaji anayeruhusiwa kukagua.

"Shangazi, ufunguo."

"Wa nini? Si wewe jaji? Fungua."

"Shangazi, tusifike huko."

"Tumeshafika, mwanangu. Mimi ndiyo naishi hapa."

Akafungua zipu ya begi bila haraka. Likatoka kufuli langu. Likatoka la mfamasia na pamba zake. Zikatoka simu mbili na kitambulisho chenye jina ambalo halikufanana hata kwa mbali na la kwenye beji. Akatupigia. Tulifika tunahema. Mfamasia akalikumbatia kufuli lake, akaliuliza kama lilikaa juani. Mimi nikakimbia na kitambulisho mpaka dukani, nikakitoa kopi, za rangi kabisa: moja ya polisi, moja ya kwetu, moja ya kinyozi.

Niliporudi, Shangazi akamkabidhi kitambulisho na simu zake.

"Chukua vyako. Mlango ule pale. Begi unaweza kuliacha, au unaweza kulifungua." Akamwekea mbele kimoja cha vile vifaa vyake vya kufungulia, kirefu, chembamba.

Mlaini akaenda mpaka mlangoni. Akageuka, akalitazama begi. Lilikuwa kitu pekee maishani mwake alichokinunua dukani kwa bei iliyotajwa. Akarudi, akavuta kiti.

Alianza kwa nguvu, anakoroga kama anazibua sinki. "Usilazimishe," Shangazi akasema. "Huyo si mteja wako."

Tukacheka mpaka mfamasia akapaliwa na chai.

Mlaini akakunja mikono ya shati, akafumba macho, safari hii kweli. Vidole vyake vilikuwa laini, vya mtu aliyezoea kuingia mifukoni bila kubisha hodi. Akaanza kulinong'oneza kufuli lile, kwa sauti ile ile iliyonipokonya mimi kufuli langu. Diski ya kwanza ikakaa. Tukaendelea kucheka. Ya pili ikakaa. Mfamasia akaweka kikombe chini. Ya tatu. Ya nne.

Shangazi akasimama. Shingo yake ilikuwa imerefuka kama ya mtoto kwenye dirisha la duka la keki. Pale ya nne ndipo yeye huishia.

Sauti ndogo ikatoka ndani ya shaba, tik, ya diski ya tano, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia nyumbani kwa Shangazi. Mlaini hakufungua macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

"Jamani," akanong'ona, "mtu mmoja anishikie hiki kifaa hapa. Kidogo tu."

Sote watatu tukanyoosha mikono.