Waifai Ndani ya Kopo la Baba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wengine wako kwenye maonyesho, mimi niko Mgeta na baridi yake. Kikao cha ukoo jana kilikuwa kifupi na kibaya. Gervas, mtoto wa mama mdogo, anataka kibanda cha marehemu Baba kiwe stoo ya viazi. Alisema kwa upole, mikono nyuma, kama anaomba chumvi. Kibanda! Humo Baba alitengeneza redio za tarafa nzima. Lakini kimesimama kwenye ardhi ya ukoo wa Mama, na kwetu Waluguru neno la ardhi analo mjomba. Mjomba Andrea akakuna kidevu, akasema kibanda kisicho na kazi ni nyumba ya panya. Nimepewa mpaka Jumapili nionyeshe kina kazi gani.

Kazi ninayo tayari. Kiangazi maji ya mfereji huwa ya zamu. Zamani aliye juu akimaliza zamu yake alipiga ukelele, wa chini akaitikia. Baba alikuwa anatoka kibandani, chuma cha kuchomelea bado kinafuka mkononi, anaitikia kwa niaba ya Mama mpaka mlima wa pili unajibu. Siku hizi Gervas, mwenye shamba la juu yetu, anaachia maji kimya kimya, na Mama anapanda na goti lake bovu kwenda kuchungulia. Basi nitaweka mferejini kibao changu cha kielektroniki, kidude cha nyaya kinachohisi maji. Maji yakifika, kitatuma habari hewani na simu yangu italia kengele kibandani. Gervas atatafuta pa kuweka viazi vyake.

Jumanne, 8 Julai

Kibao chenyewe ni bubu, hakina waifai. Luqmani, fundi wa vitu hivi pale Morogoro mjini, alinipa kijibao kingine kidogo cha kuunganisha nacho. Alionya kinakula volti tatu na kidogo, nisithubutu kukipa tano. Nimefikiri. Huku ni mlimani, baridi kali, kitu kinahitaji nguvu. Mgeni hapewi nusu sahani. Nikakipa tano.

Moshi.

Harufu ile ile ya zamani, redio ya mteja ikiungua na Baba anamwambia pole mama, tutaona. Nikakaa nikainusa. Machozi yalinitoka kidogo. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimeunguza maharage.

Alhamisi, 10 Julai

Kijibao kipya alichonitumia Luqmani kimefika na lori lililorudi kutoka kupeleka kabichi Dar. Aliyekipokea barabarani ni Gervas, wa kwanza kabisa kati ya watu ambao sikutaka wakipokee. Akaniletea mwenyewe, akauliza kama nina hakika ndicho, maana kwake yeye kinafanana na laini ya simu iliyovunjika. Nilimshukuru kwa sauti ndogo sana.

Safari hii volti tatu. Si kwa sababu ya Luqmani, nilijisikia tu hivyo. Kikashika! Nikachovya waya kwenye kikombe cha maji, simu ikalia kengele. Nikatoka mlangoni nikapiga ukelele wa Baba kwa furaha. Aliyeitikia ni mbuzi wa jirani.

Ijumaa, 11 Julai

Ukungu unalowesha kila kitu. Kibao kinahitaji nyumba. Nimepata nyumba ya heshima: kopo la biskuti ambamo Baba aliweka skrubu. Bati zito, mfuniko unabana, tausi aliyechorwa juu yake amebaki mkia tu. Nililishika muda mrefu. Nikakumbuka nilivyokuwa mdogo nikaficha redio ndogo kwenye sufuria ya Mama na kuifunika, ili nisikilize mpira peke yangu. Ikanyamaza kimya. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia redio ikifunikwa na chuma haisikii wala haisemi. Siku nzuri zile, hazirudi.

Nikapanga kibao na betri ndani ya kopo, nikatoboa tundu la waya wa kugusa maji, nikagongea mfuniko kwa nyundo.

Luqmani alipiga simu kujua naendeleaje. Nikamsimulia kuhusu kopo. Akasema bati litaziba mawimbi, nitumie kopo la plastiki, hata la siagi. La siagi! Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Sikujaribu tena. Kujaribu kitu mara mbili ni kukosa imani.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya Misa. Kopo liko mferejini tangu jana. Mjomba Andrea kwenye kigoda cha Baba. Mama mlangoni, na kanga yake ya Jumapili. Mimi na simu mkononi. Gervas alipanda kuachia maji, tukasubiri kengele.

Kimya.

Nikaitikisa simu. Nikaiinua. Nikasimama juu ya benchi. Mjomba akaanza kutazama pembe za kibanda, moja baada ya nyingine, kama anayepima magunia. Niliona viazi mpaka darini, na mahali pa Baba pamekwisha.

Kule juu maji yalikuwa yamejaa, yanaanza kuingia kwenye karoti za Gervas, na hakuna anayekuja kuyapokea. Uvumilivu ukamwisha. Akapiga ukelele:

"Mama mkubwaaa! Maji haooo!"

Mama akainuka. Akaweka viganja mdomoni, akaitikia pale pale aliposimama Baba. Mlima wa pili ukajibu. Sikujua kama Mama ana sauti ile. Nilimkumbuka Baba mpaka nikaona aibu mbele za watu.

Mjomba alivua kofia. Akasema tangu shemeji yake afariki hajasikia maji yakiitikiwa hapa, na kwamba alikuwa amesahau jinsi anavyoutamani ukelele ule. Kisha akaamua. Kibanda kibaki. Mama awekewe kiti cha kusubiria zamu. Gervas aite maji kila siku, asiende tena kimya kimya, na viazi atafute pengine. Gervas alishuka suruali imelowa mpaka magotini, akasema sawa Mjomba, sauti imemkauka. Nadhani alikuwa anatabasamu, lakini kwa Gervas huwezi kujua.

Kwangu Mjomba alisema neno moja tu: kopo lirudi rafuni, linafaa kwa skrubu.

Jumatatu, 14 Julai

Ushindi. Bila mtambo wangu kunyamaza, Gervas asingeita. Ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Asubuhi aliita, Mama akaitikia kwenye kiti chake, chai mkononi. Nilitoka nikasimama karibu naye.

Baadaye nimekwenda mferejini kulikagua kopo. Nilipong'oa mfuniko simu ikalia mfukoni. Nikafunika, ikanyamaza. Nikafunua, ikalia. Nimerudia mpaka nikaridhika, kisha nikakaa juu ya jiwe kufikiri kama alivyozoea Baba. Jibu liko wazi. Bati ni jembamba, habari zinavuja pembeni kabla hazijafika kibandani.

Mlali kuna mtu anauza pipa la chuma, zito, halina hata tundu. Kesho nateremka kulichukua. Na kwa umbali ule, kijibao nitakipa volti tano.