Kitufe cha Bi Winifred

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka kampuni ya bia, wenye jengo. Wanataka kubomoa ndani ya baa yangu wajenge fleti. Miaka ishirini na mbili niko nyuma ya kaunta hii! Tumaini ni moja: Ijumaa anakuja mkaguzi wa majengo ya kale. Akikuta humu kitu cha thamani, sheria itatulinda. Nimezunguka kukitafuta. Vioo vya maua, vigae vya kijani, dari yenye rangi ya chai kwa moshi wa sigara wa karne nzima. Uchakavu mtupu! Hesketh, mwenye baa ya ng'ambo ya barabara, ana mzimu. Watalii wanapanga foleni kuuona. Mimi nina panya.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo. Upanga! Nimeununua mnadani, nikausugua kwa siki ukashika kutu safi. Nitasema uliachwa hapa na askari wa mfalme miaka mia nne iliyopita. Hesketh alichungulia dirishani, akauliza kama naenda vitani. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Mahali pazuri pa upanga ni chumba kidogo cha mbele, ila ukutani pana kitufe cha kengele, cha shaba, kimechakaa. Zamani mteja alikibonyeza, kengele ikalia kaunta, akapelekewa bia alipoketi. Siku hizi watu wanakuja kaunta wenyewe. Wote, isipokuwa Bi Winifred Tasker, miaka themanini na nne. Kila siku saa sita mchana anabonyeza, nami nampelekea nusu painti ya bia nyeusi na yai lililolowekwa kwenye siki. Goti langu la kushoto linamjua vizuri.
Nimekifunika kitufe kwa ubao, nikatundika upanga juu yake. Bi Winifred alipofika alipapasa ukuta, kisha akanitazama. "Clement, mwanangu, kengele yangu umeipeleka wapi?" Nikamwambia ni kwa siku chache tu, aje kaunta kama wenzake. Akasema marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimbonyezea, na tangu waoane hajawahi kusimama kaunta. Akaondoka bila kunywa. Nilijisikia vibaya mpaka jioni. Lakini upanga umependeza mno.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Mkaguzi ni Bi Langstaff, mama mfupi mwenye tochi. Nikamsimulia habari ya yule askari, machozi karibu yanitoke. Akageuza upanga, akanionyesha kibandiko cha bei. Hesketh, aliyejidai amekuja kunitakia heri, akacheka mpaka akashikilia meza. Mkaguzi akafunga daftari. Akilini nikaona kitanda cha mpangaji mahali pa kaunta yangu.
Saa sita, Bi Winifred akaingia. Hakusalimia mtu. Akatoa bisibisi kwenye mkoba, akafungua skrubu zangu zote nne, akauweka ubao sakafuni, akaketi, akabonyeza. Kengele ikalia. Bi Langstaff akageuka mlangoni, akauliza kama kitu hicho bado kinafanya kazi.
"Tangu 1961 kinafanya kazi, binti yangu. Anayechelewa ni huyu."
Mkaguzi akapiga magoti, akaufuata waya kwa tochi mpaka kaunta. Akasema ameona mamia ya vitufe vya namna hii, vyote vimekufa. Hajawahi kuona ambacho bado kinaitikiwa. Kisha akaketi na Bi Winifred. Nikawapelekea bia mbio, na goti langu bovu hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Machi
Tumelindwa! Barua imefika. Vioo, vigae, dari, na kitufe kimetajwa kwa jina. Sharti: nisiguse wala kuongeza kitu, hata msumari. Nililia kidogo nyuma ya mapipa. Bi Winifred akabonyeza mara mbili, akasema nilie baadaye, bia yake inangoja. Nampenda bibi yule. Hesketh hanisalimii tena.
Nimekaa nikafikiri. Kitufe kimoja kimetuokoa. Je, vingekuwa tisa? Nimeagiza vinane, vinafika Jumanne. Ni vya plastiki, lakini siki bado ninayo.