Faneli ya Marehemu Irudi Jikoni

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Jengo,
Ghorofa ya kwanza, mlango wenye kengele isiyolia.

KUHUSU: FANELI YA MAREHEMU MUME WANGU, ILIYOKAMATWA IKIWA KAZINI

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea heshima zangu, mimi mama wa ghorofa ya nne, yule ambaye mwanawe alisomea bima. Natumaini nyumbani kwako ni wazima na goti lako linapata nafuu, maana juzi nilikuona ukipanda ngazi huku umeushika ukuta kama ndugu. Pole sana. Lifti ingekuwa inafanya kazi usingefika huko, lakini naelewa kamati haijapata nafasi ya kuijadili. Mlikuwa na shughuli ya faneli.

Shule mimi niliishia njiani, ila mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupitisha darasani wenzangu wauone, kwa hiyo nitajiandikia mwenyewe. Mwanangu angeandika vizuri zaidi, lakini kwa sasa hawezi. Amelala. Nitafika hapo.

Kabla ya malalamiko nieleze jambo lilivyoanza, ili asije mtu akasema sikueleza. Kitindamimba wangu alikuwa karani wa bima, karani ambaye tai yake haikuwahi kupinda. Ofisi ikafungwa. Akajifungia chumbani, pazia limeshushwa, mchana na usiku kwake ni kitu kimoja. Nilibembeleza, nikalia, nikamtishia kumwita shangazi yake aje kukaa. Hakutoka. Kilichomtoa ni ule uwanja wa bembea uliokuja na malori ukatua nyuma ya soko, wenye farasi wa kuzunguka na taa za rangi. Kulikuwa na mama mmoja kwenye kibanda, anamimina rojo la unga kwa faneli ndani ya mafuta ya moto huku anazungusha mkono, nyuzi zinapishana na kupishana mpaka kinaibuka kitu cha rangi ya dhahabu, mfano wa kiota cha ndege. Anakigeuza, anakiopoa, anakinyunyizia sukari ya unga. Mwanangu akala kimoja. Akarudi kwenye foleni. Alirudi kwenye foleni hiyo mpaka yule mama akamuuliza kama ana jambo jingine la kumwambia. Maskini, hakuwa akimwangalia mama wa watu, alikuwa anauangalia mkono. Malori yalipoondoka alikuja nyumbani, akafungua pazia, akaniuliza kama tuna mayai.

Mayai tulikuwa nayo. Faneli ya jikoni hatukuwa nayo, na nani anayo? Tulikuwa na ya marehemu baba yake, fundi wa jenereta, ambaye mkono wake ukigusa mashine iliyokufa, inakohoa na kuamka. Vifaa vyake vingine wanafunzi wake waligawana msibani. Faneli ilibaki kwa kuwa ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango. Ni ya bati zito, ina kibonyo ubavuni, pale ilipoanguka siku marehemu alipoambiwa amepata mtoto wa kiume. Maisha yake yote ilimimina dizeli. Niliisugua kwa mchanga, maji ya moto na sabuni ya unga mpaka nikajiona uso. Shingoni mkono haukupita, lakini shingo ya faneli nani huichungulia?

Kiota cha kwanza kilitoka kama kamba za viatu. Cha pili kilikunywa mafuta yote, kwa sababu hakusubiri yapate moto. Baada ya hapo, Mwenyekiti, akawa anadondosha tone moja la rojo kwanza, linazama, linaibuka linacheka, ndipo anamimina. Viota vikaanza kutoka vya kuvaliwa kichwani, na kila mlango wa jengo ukapata sahani. Nami niseme jambo ambalo wewe uliyekula unalijua: vya mwanangu vina ladha moja inayokuja mwishoni, nyuma ya ulimi, sukari ikishayeyuka. Nzito kidogo, ya joto, ya kukufanya unyamaze. Yeye mwenyewe alikuwa akinung'unika kwamba vya yule mama wa kibandani havina kitu hicho, kwamba pengine yeye ndiye anayekosea mahali. Nikamwambia mwanangu, hujakosea, huo ndio ustadi, umezaliwa nao.

Sasa malalamiko yangu.

1. Namna ya ukamataji. Mlinzi wa jengo aliingia jikoni kwangu mwanangu akiwa ameziba mdomo wa faneli kwa kidole na rojo limejaa. Kila anayejua kazi hii anajua kwamba katika hali hiyo mtu hasemeshwi. Akamsomea amri yenu ya kuichukua faneli, kidole kikatoka, rojo lote likaenda sakafuni. Kisha mlinzi huyo, ambaye asubuhi yake alikuwa amekula viwili na sukari bado iko kwenye masharubu, akaibeba faneli kwa vidole viwili mbali na mwili, kama mtu anayetoa panya, mbele ya majirani waliosimama milangoni. Ile si bati tu, Mwenyekiti. Yule ni marehemu. Marehemu habebwi hivyo.

2. King'ora cha moshi. Mnasema kililia. Ni kweli kililia. Lakini siku pasi ya nyumbani kwako ilipotoboa shuka, na moshi ukateremka hadi kwa mlinzi, king'ora hicho hicho kilikaa kimya kama mgeni mwenye haya. King'ora kinachochagua nyumba ya kulilia si king'ora, ni mwanakamati.

3. Mshonaji wa ghorofa ya tatu. Amelalamika kwamba sukari ya mwanangu ilidondoka kutoka barazani ikaliangukia gauni la harusi lililoanikwa chini yetu. Mimi ningekuwa yeye ningepanda kushukuru. Bibi harusi alinukia vizuri hata bwana harusi hakumwachia mkono ukumbi mzima, niliambiwa na watu waliokuwepo. Anasema eti sisimizi walifuata mkia wa gauni mpaka jukwaani. Hao ni wageni wasioalikwa, na harusi isiyokuwa na wageni wasioalikwa sijaiona bado.

4. Matumbo. Barua yenu inasema wakazi kadhaa wameharisha na wengine wanacheua vibaya. Niseme wazi kwa sababu wewe ni mtu mzima: huo ni ulafi. Mama watoto wako alikula sita akiwa amesimama, cha saba akakifunga kwenye leso, akasema ni cha mgonjwa. Tumbo lililozoea supu ya kamati haliwezi kukabidhiwa ustadi ghafla namna hiyo. Mshonaji yeye amekwenda mbali, anadai akicheua anasikia harufu ya gereji. Gereji. Mtu akishindwa kusifu mtoto wa mwenzake atataja hata gereji.

5. Tangazo. Mmebandika karatasi yenye picha ya kikaango kilichopigwa alama nyekundu, inayosema ni marufuku kukaanga vitamu ndani ya jengo, "isipokuwa kwa ajili ya vikao vya kamati." Nimeisoma mara nyingi, nikaisoma na miwani, maneno yakabaki yale yale. Mmeibandika juu ya mlango wa lifti mbovu, mahali pekee katika jengo hili ambapo hakuna mtu mwenye sababu ya kusimama.

6. Tangu faneli ichukuliwe, mwanangu amerudi kitandani. Pazia limeshuka tena. Nikimpelekea chai naikuta ilipo, imefanya utando juu. Jana niliingia nikamwambia nitanunua faneli nyingine, mpya, ya kung'aa. Akasema, mama, si suala la faneli. Akageukia ukutani. Hili ndilo lililonikalisha kuandika, hayo mengine nimeyaweka ili barua ijae.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama nimezidisha.

Faneli irudishwe na wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, ikiwa imefunikwa kitambaa safi, kwa kupitia ngazi, polepole kwa ajili ya goti lako. Mlinzi afuate nyuma akiwa amejifuta masharubu.

Mwanangu aambiwe mbele ya watu kwamba alionewa.

Kila Jumamosi alasiri nyumba zote zikaange kwa pamoja, hata wasio na cha kukaanga wakaange hewa. Harufu ikishakuwa ya wote haiwi ya mtu, na mshonaji atakosa wa kumshtaki.

Lifti, kwa kuwa haina safari, apewe mwanangu iwe kibanda chake. Ina mlango, ina taa, ina kioo cha wateja kujitazama wakiwa wanasubiri. Itakuwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa lifti hiyo kumwinua mtu.

Na kamati, badala ya kuzuia watu kukaanga, iunde kamati ndogo ya kuchunguza jinsi kamati kubwa ilivyopitisha uamuzi huu huku mbele yao kukiwa na sinia la viota, na jinsi sinia hilo lilivyorudi kwangu likiwa limelambwa.

Mkikataa sitakwenda mahakamani, sina tabia hiyo. Nitashuka na kiti changu, nikae mlangoni kwako. Mimi nikikaa mahali sinyamazi, na nina picha zote za mwanangu tangu anaota meno. Nitakueleza moja moja.

Nisalimie sana mama watoto wako na yule mgonjwa wake wa kwenye leso. Msalimie mlinzi, mwambie simchukii, ila sukari aikome. Mshonaji naye asalimiwe, kwa umbali. Watu wote wa ghorofa ya kwanza, ya pili na ya tatu wapate salamu zangu, na wa ghorofa ya tano ambao hatuwaoni tangu lifti ilipokufa, kama wapo.

Ni mimi jirani yako, mwenye uchungu wa kuzaa na wa kudhulumiwa,
Mama wa ghorofa ya nne.

Nyongeza:

Mwenyekiti, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha niliposikia mafuta yanaongea jikoni. Nikakimbia. Nimemkuta mwanangu amesimama, hajanyoa, ameshika chupa ya maji ya plastiki aliyoitoboa kifuniko kwa msumari, anaminya na kuzungusha mkono. Kimetoka kiota kizuri kuliko vyote. Samahani kwa kuvunja tangazo lenu, lakini nisingemzuia hata kama ungekuwa umesimama pale na mlinzi.

Akanipa mimi cha kwanza, kwenye kisahani, kama nilivyomfundisha. Nikauma. Sukari ikayeyuka. Nikaisubiri ile ladha ya nyuma ya ulimi. Haikuja. Kilikuwa kitamu, chepesi, kisafi, kama cha kibandani kabisa. Nikamuuliza amepunguza nini. Akasema hajapunguza kitu, unga ni ule ule, mayai ni yale yale, na anacheka, Mwenyekiti, anasema hatimaye amepatia.

Nikakaa kwenye ndoo.

Kumbe mshonaji ana pua. Ni dizeli. Lakini ungekuwa mimi nawe usingeitambua. Marehemu alikuwa akinimegea mkate kwa mikono ile kila asubuhi ya ndoa yetu, akinishikia kikombe nikiumwa, na kila nilichokula kwake kilikuwa na kitu hicho nyuma yake. Mimi nikajua ndiyo ladha ya chakula. Nilimsifu mwanangu kwa ustadi aliozaliwa nao, na nilikuwa namsifu baba yake.

Kwa hiyo faneli msiirudishe. Namba nne ifuteni yote, na mama watoto wako umwombe radhi kwa niaba yangu, hata kwa kile cha saba. Namba tatu ibaki kama ilivyo. Ombi la lifti pia libaki. Kijana akiulizia faneli mwambieni imezuiliwa kwa usalama wa jengo, na mseme kwa ukali. Asijue aliwalisha watu nini, wala faneli ya nani ndiyo iliyowalisha. Nyinyi muwe wabaya tu, anaamka vizuri akiwa na watu wa kuwakasirikia.

Ila mkiifungia kabatini kwako, msiioshe. Nitakuwa nashuka mara mojamoja kuulizia habari za lifti. Nikifika, mama watoto wako anipe ufunguo, aniache nayo kidogo.